Kesho Isiyo na Tarehe
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Masasi na Newala)

Lipo neno moja ambalo ni jepesi mdomoni lakini ni zito shambani na katika vitabu vya chama. Neno hilo ni "kesho". Mkulima husema kesho atafyeka shamba lake la mikorosho. Katibu husema kesho ataingiza stakabadhi katika leja. Mzazi husema kesho ataanza kuweka akiba ya ada na sare za watoto. Hakuna kati yao anayesema uongo, kwani kila mmoja anakusudia kwa moyo wake kutenda alilolisema. Lakini kesho hiyo haina tarehe, na deni lisilo na tarehe halina siku ya kudaiwa.

Shabaha ya mazungumzo haya si kuwashutumu wavivu. Watu wa Uwanda wa Makonde hawawezi kuitwa wavivu. Juu ya uwanda huo hakuna mito. Maji ya mvua huzama upesi katika udongo wake, na kwa miaka mingi kina mama wa Newala waliteremka mabondeni kuteka maji na kupanda tena genge wakiwa na mzigo kichwani. Wakulima wa Masasi nao, chini ya uwanda kwenye miamba yao mikubwa, huamka kabla ya jua kwenda mashambani. Basi swali la kujiuliza ni hili: kwa nini mtu hodari, anayefanya kazi kumi kwa siku, huiacha kazi moja iliyo muhimu kuliko zote ikae mwezi mzima bila kuguswa?

Mkorosho haungoji

Mkorosho ni mti mvumilivu. Huota katika udongo wa kichanga, hustahimili kiangazi, na huzaa kwa miaka mingi. Uvumilivu huo ndio unaowadanganya watu wengi. Mahindi yasipopaliliwa huonyesha unyonge wake baada ya majuma machache, na mwenye shamba hushtuka. Mkorosho usipopaliliwa husimama vilevile, kijani vilevile, na mwenye shamba hujiambia kwamba hakuna kilichoharibika.

Lakini mkorosho una kalenda yake. Baada ya mavuno huja wakati wa kupogolea matawi yaliyokauka na yale yanayosongana. Mvua zinapokwisha huja wakati wa kufyeka na kusafisha shamba, ili moto wa kiangazi usipite chini ya miti na korosho zitakazoanguka zionekane. Kisha, kuanzia mwezi wa Juni au karibu na hapo, miti hutoa machipukizi mapya na maua, na huo ndio wakati ambapo ugonjwa wa ubwiriunga huingia. Ugonjwa huu hupenda majani machanga na maua katika asubuhi zenye ubaridi na umande. Hufunika ua kwa unga mweupe, nalo hukauka bila kufunga tunda.

Dawa ya salfa, ambayo wataalamu wa Kituo cha Utafiti cha Naliendele waliwafundisha wakulima kuitumia, hufanya kazi ya kukinga. Haifufui ua lililokwisha kukauka. Salfa ya unga ilielekezwa ipulizwe kila baada ya siku 14 au karibu na hapo katika kipindi cha maua. Dawa nyingi za maji zina nafasi ya siku 21 hivi. Siku hizo hazikuwekwa kwa kupenda utaratibu tu. Zimewekwa kwa sababu kila juma maua mapya huchanua, na kila ua jipya halina kinga mpaka lipate dawa. Mkulima anayesema ataanza kupuliza "mambo yakitulia" amekwisha kuchagua, ingawa hajui kwamba amechagua. Ifikapo Oktoba, jirani yake anaokota na yeye anatazama juu mtini, hakuna tena la kuahirisha wala la kutenda.

Yaliyotokea zamani

Wazee wanaukumbuka msimu wa 1973/74, ambapo nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Wanakumbuka pia kwamba katikati ya miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima yalishuka chini ya tani 20,000. Miti haikung'olewa. Mingi ilikuwa bado imesimama pale pale ilipopandwa.

Ingekuwa dhuluma kusema kwamba anguko hilo lilitokana na uzembe wa wakulima. Watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja katika miaka ya 1970, na wengi walijikuta mbali na mikorosho yao. Bei aliyolipwa mkulima haikumtia moyo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na havikurudi mpaka baada ya sheria ya mwaka 1982. Ubwiriunga nao ulienea wakati huohuo. Mambo hayo yalikuwa makubwa kuliko nia ya mtu mmoja.

Hata hivyo lipo somo ndani yake. Shamba lililo mbali halikuachwa kwa siku moja, wala hakuna mtu aliyetangaza kwamba analiacha. Mwenye shamba alisema angekwenda kulifyeka baada ya palizi ya mihogo, kisha baada ya msiba, kisha mwakani. Mwaka wa pili vichaka vilikuwa vimefika kiunoni, na kazi ya siku tatu ilikuwa imekuwa kazi ya siku kumi. Mwaka wa nne ulikuwa msitu, na kazi ikawa imemshinda. Hivyo ndivyo jambo linaloahirishwa linavyokua: halimngoji mwenyewe likiwa na ukubwa uleule. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kurudi kwa zao hilo nako kulichukua muda. Salfa ilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mashamba yakafufuliwa, miche bora ikapandwa, na katika msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Kati ya anguko na kilele hicho ilipita miaka zaidi ya 30. Kilichopotea kwa kuachwa kidogo kidogo kilirudishwa kwa kufanyiwa kazi kidogo kidogo.

Kwa nini mtu huahirisha

Mtu akijua chanzo cha ugonjwa hupata dawa yake. Sababu za kuahirisha ni nyingi, lakini nne huonekana mara kwa mara.

Ya kwanza ni ukubwa wa kazi. Mwenye miti 200 akitazama shamba zima huchoka kabla ya kuinua panga. Hushindwa kuanza kwa sababu anafikiri anatakiwa kumaliza.

Ya pili ni umbali wa faida. Jasho la Mei hulipwa Novemba. Lakini ngoma ya leo, safari ya leo na mazungumzo ya leo hulipa leo hii. Kila siku faida ndogo ya karibu hushindana na faida kubwa ya mbali, na ile ya karibu hushinda kama hakuna kitu cha kuizuia.

Ya tatu ni aibu. Sababu hii huwapata zaidi makatibu. Katibu ambaye kitabu chake cha fedha hakijaandikwa kwa juma moja hukiogopa kidogo. Kisipoandikwa kwa mwezi hukikwepa. Kisipoandikwa kwa miezi mitatu hukifungia sandukuni, na mtu akikiulizia hukasirika. Kitabu hakikubadilika, kilichokua ni aibu.

Ya nne ni kungoja kitu kamili. Mtu husema ataanza akipata fedha, akipata mashine ya kupulizia iliyo yake, akipata mbolea. Mchagua jembe si mkulima. Mfano mzuri wa jambo hili ni visima vya saruji vya kukingia maji ya mvua kutoka kwenye bati, ambavyo watu wa uwanda wanavijua vizuri. Fedha za korosho huanza kuingia Oktoba na Novemba, na mvua hufuata mara moja. Anayengoja fedha ndipo aanze kuchimba atakuwa bado shimoni mvua inapopita. Lakini kuchimba hakuhitaji fedha. Aliyechimba shimo lake kwa jembe kidogo kidogo tangu Julai, fedha zikiingia hununua saruji tu, na mwaka huohuo hunywa maji ya nyumbani kwake. Katika kila lengo kuna sehemu inayohitaji fedha na sehemu inayohitaji mikono tu. Mwenye busara huanza na ile ya mikono.

Gharama ya kungoja

Wapo wanaodhani kwamba kuahirisha hakuna gharama. Na watazame biashara ya kangomba. Mwezi wa Februari au Machi, fedha za msimu zimekwisha na akiba haikuwekwa. Shule inadai, mtoto anaumwa, chakula kimepungua. Hapo mchuuzi huja na fedha taslimu, naye huzinunua korosho zingali maua, au hata kabla ya maua. Msimu ukifika huja kuzichukua kwa kipimo chake mwenyewe na kwa bei aliyoitaka yeye. Mkulima hupalilia, hupuliza, huokota na kukausha, lakini anavuna mali ya mtu mwingine.

Serikali imeipiga marufuku kangomba, na ni haki kufanya hivyo. Lakini marufuku peke yake haimlishi mtu mwezi wa Machi. Kinga ya kweli ya kangomba huwekwa Novemba, siku ambayo malipo ya mnada yanaingia benki, kabla mkono haujazoea fedha. Mwanachama aliyekusudia kuweka akiba "zitakazobaki" hagundui mpaka Januari kwamba hazibaki. Mwanachama aliyetoa fungu la akiba siku ya kwanza, hata likiwa dogo, amelinda korosho zake za mwaka unaofuata.

Mfano wa lengo lenye tarehe

Nchi hii ina mfano wake mkubwa wa lengo lililotimizwa kwa sehemu kubwa kwa sababu lilipewa tarehe. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa kiasi cha 67 kwa kila 100. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa ya kisomo yakafunguliwa chini ya miembe, katika maghala na katika shule za msingi jioni. Mwaka 1975 ukafanywa mtihani wa nchi nzima. Hesabu ya mwaka huo ilionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi kiasi cha 39 kwa kila 100.

Waliojifunza hawakuwa watu wenye nafasi. Walikuwa wakulima waliotoka shambani wamechoka, kina mama wenye watoto mgongoni, na wazee walioshika kalamu kwa mara ya kwanza. Kama kila mmoja angeachiwa asome "akipata nafasi", wengi wangekufa bila kuipata. Walifaulu kwa sababu palikuwa na siku maalumu za darasa, mahali maalumu, wenzao waliowangojea, na mtihani uliokuwa unakuja. Mambo hayo manne yanaweza kuwekwa katika lengo lolote la mtu binafsi.

Njia za kujifunga

Kwanza, lengo lipewe tarehe na kipimo. "Nitasafisha shamba" ni matumaini. "Nitafyeka chini ya miti 10 kila Jumatatu na Alhamisi mpaka mwisho wa Mei" ni mpango. Mtu akishindwa kuutekeleza atajua siku ileile kwamba ameshindwa, na siku ya pili atarekebisha.

Pili, kazi ikatwe vipande. Miti 200 ni mingi, miti 10 si mingi. Haba na haba hujaza kibaba. Mchongaji wa vinyago naye hamalizi gogo la mpingo kwa siku moja. Hulirudia kila siku, na kila siku analiacha pakiwa na jambo lililokamilika.

Tatu, awepo shahidi. Ahadi ambayo mtu amejipa moyoni ni rahisi kuivunja, kwa sababu mdai na mdaiwa ni mtu mmoja. Ahadi iliyotamkwa mbele ya mke, mume, jirani au kikundi ni deni. Wanachama watano wenye mashamba yaliyo karibu wanaweza kupuliza kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, kwa mashine moja. Hakuna atakayethubutu kulala siku ya shamba la mwenzake, na siku ya shamba lake wenzake watamgongea mlango.

Nne, kazi ngumu itangulie. Asubuhi mtu ana nguvu na akili iliyotulia. Kazi inayokwepwa ndiyo ifanywe kabla ya zile zinazopendwa.

Tano, mtu akikosa siku moja asilitupe lengo lote. Hapa ndipo wengi huangukia. Mkulima aliyekosa mzunguko wa kwanza wa dawa husema, "Mwaka huu umekwisha haribika," akaacha na mizunguko mingine. Si kweli. Maua yatakayochanua juma lijalo hayajaguswa bado, na yanaweza kukingwa. Aliyeteleza mara moja amepoteza hatua moja; aliyekaa chini ndiye aliyepoteza safari.

Katibu na kitabu chake

Mkulima anayeahirisha kazi ya shamba lake hujiumiza yeye na nyumba yake. Katibu anayeahirisha huumiza watu mia. Hilo ni tofauti kubwa, na lazima lisemwe wazi.

Tangu utaratibu wa stakabadhi za ghala ulipoanza katika korosho mwaka 2007, mkulima huleta mzigo wake chamani, mzigo hupimwa, huandikiwa stakabadhi, hupelekwa ghala kuu, huuzwa mnadani, na malipo hufuata katika akaunti. Katika mlolongo huo, jina moja lililoandikwa vibaya au namba moja ya akaunti iliyoachwa "ijazwe baadaye" humzuilia mtu fedha zake wakati wenzake wanapokea. Mwanachama huyo hajui kwamba kosa ni la kalamu. Anachojua ni kwamba jirani amelipwa na yeye hajalipwa. Hapo huanza maneno: chama kimekula fedha. Na kutoka maneno hayo hadi mlango wa mchuuzi wa kangomba si mbali.

Mkaguzi naye akija, hawezi kukagua makusudio. Hukagua maandishi. Kilo zilizopokelewa lakini hazikuandikwa, na kilo zilizoibwa, juu ya karatasi hufanana. Katibu mwaminifu aliyechelewa huonekana sawa na mwizi, naye hana la kujitetea isipokuwa kumbukumbu yake. Ni huzuni kwa mtu safi kupoteza jina lake kwa sababu ya saa moja ya jioni ambayo hakuitoa.

Kwa hiyo kanuni ya katibu iwe moja tu: siku ya mizani isimalizike kabla ya kitabu. Jumla ya stakabadhi za siku ilinganishwe na jumla ya kilo zilizoingia, mtunza ghala atie saini, ndipo ofisi ifungwe. Kama kuna malimbikizo ya zamani, yasichanganywe na kazi ya leo. Aandike ya leo kwanza, kisha kila jioni aongeze siku mbili za nyuma. Malimbikizo ya miezi miwili yatakwisha kwa muda wa mwezi mmoja. Zaidi ya hayo, amwambie mwenyekiti mapema. Aibu iliyosemwa hupungua, iliyofichwa huzaa.

Viongozi nao wana wajibu. Makisio ya pembejeo yakichelewa kutoka chama cha msingi, chama kikuu, kiwe MAMCU au TANECU, hakiwezi kupanga ipasavyo, na dawa inayofika maua yakiwa yamekauka ni mzigo tu wa ghala. Bodi inayoahirisha kikao mara tatu haina uso wa kumlaumu mkulima aliyeahirisha palizi. Na mwanachama aliyetimiza wajibu wake kwa wakati ana haki ya kuuliza, kwa heshima na katika mkutano halali, kwa nini wengine hawakutimiza wao.

Kabla ya kuondoka

Ndugu wanaushirika, kuna hatari kwamba hata mazungumzo haya yatasikilizwa, yatasifiwa, na kuahirishwa. Ili yasiishie hapo, kila mmoja na achague jambo moja tu analojua kwamba amelikwepa. Lisiwe matano, liwe moja. Aliandike, na pembeni yake aandike siku ya juma na tarehe ambayo ataanza, na jina la mtu mmoja atakayemwuliza. Asiyeweza kuandika amwombe mwanawe amwandikie, na huyo mwana awe ndiye shahidi.

Makatibu nao waulize swali moja katika kila mkutano ujao, kabla ya ajenda nyingine yoyote: yale yaliyoahidiwa mara iliyopita, yapi yametendeka? Majibu yaingizwe katika kumbukumbu za kikao pamoja na tarehe mpya kwa yale yaliyobaki.

Ushirika ni mali ya watu walioahidiana. Hudumu kwa kadiri wanavyotimiza.